Ukoo wa Mtu wa Ngagara

Nimechoka kusikia kwamba mtu wa Ngagara hana kwao. Eti mtaa ule ulizaliwa na Wabelgiji ukapewa namba badala ya majina, na anayemtafuta babu wa babu yake ataishia kwenye karatasi ya nyumba. Hata wasomi husema hivyo, tena kwa wepesi mno.

Chimbuko la mtaa wenyewe halina siri. Mwaka 1952 Ubelgiji iliunda ofisi ya kujenga nyumba za Waafrika katika miji mikubwa ya Kongo na hapa Usumbura, Bujumbura ya leo, na ng'ambo ya mto Ntahangwa zikasimama nyumba za makarani na wafanyakazi wenye mshahara. Wazee bado wanapaita OCAF, kwa kifupisho cha ofisi ile. Mtaa wa Buyenzi ulikuwapo tayari, na Belge pia, ambao leo ni Bwiza.

Ila karani hakuota kwenye saruji. Huenda alisoma shule ya Astrida, kule Rwanda, na kabla ya Astrida alibatizwa mahali: Muyaga, walikofungua misheni Mapadri Weupe mwaka 1898, au Mugera, 1899, au Buhonga, 1902, juu ya mlima ambao ukiwa mjini unauona. Ukoo wake uko huko, katika wino wa padri.

Waingereza wamevizoea vitabu vya parokia tangu 1538, Thomas Cromwell, waziri wa mfalme wao, alipoamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Mwaka 1598 wakaongezewa agizo la kupeleka nakala kwa askofu kila mwaka. Mjukuu wa mkulima wa kijijini Uingereza anashika jina la ukoo na kurudi nalo nyuma, kitabu kwa kitabu. Kwetu kila mtu ana jina lake. Hakizimana anaweza kuwa mwana wa Barampama na baba wa Ndayizeye, na usijue kama ni jamaa mpaka usome majina ya wazazi mstari kwa mstari. Lakini majina yetu nayo yana siri zake. Ukimkuta Minani, huyo ni mtoto wa nane: kuna saba wa kutafuta kabla yake, hata kama wengine walikufa bila maji ya ubatizo. Ukimkuta Bukuru, usifunge kitabu kabla hujamwona Butoyi, pacha wake. (Jirani Mwislamu wa Buyenzi anatucheka. Yeye ni Juma bin Saidi bin Rajabu, babu yake yuko mdomoni, hahitaji ufunguo wa sakristia.)

Ninachokipenda mimi ni pambizo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kipaimara na ndoa viandikwe pembeni mwa jina la mbatizwa. Padri wa mjini akifungisha ndoa, ilimpasa kupeleka habari kwenye parokia ya ubatizo. Kwa hiyo kijana aliyeoa Usumbura anatakiwa aonekane mlimani, katika mwandiko wa padri mwingine, miaka ishirini baada ya mstari wake wa kwanza. Hapo ndipo mji na mlima vinashikana. Wapo mapadri waliokuwa wavivu wa pambizo, na uvivu wao umekata koo nyingi kuliko mchwa.

Mwanahistoria Jan Vansina, aliyekusanya simulizi Burundi mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona kumbukumbu za kihistoria za Warundi ni haba zikilinganishwa na za Rwanda. Namheshimu, lakini simulizi za wafalme ni jambo moja na kumbukumbu ya nyumbani ni jambo jingine. Bibi asiyejua mfalme Ntare alitawala lini anaweza kukutajia wasimamizi wa ubatizo wa watoto wake wote, na jina la msimamizi mara nyingi ndilo linalokupeleka kwenye kilima cha shangazi.

Lipo dai jingine linaloniudhi zaidi: kwamba Ngagara ilikuwa ya kabila moja tangu msingi. Ilifanywa hivyo. Wahutu walifukuzwa humo vitani, miaka ya 1994 na 1995, kama Watutsi walivyofukuzwa mtaa wa Kamenge. Kuirudisha chuki hiyo hadi 1952 ni kuwafukuza wale watu mara ya pili. Tazama kitabu cha ubatizo: sheria ile ya 1917 ilitaka jina la mtoto, wazazi, wasimamizi, mahali, siku na aliyebatiza. Kabila halimo.

Kitabu cha vifo ndicho kinachonyamaza. Waliochukuliwa kwa malori katika mauaji ya mwaka 1972 hawakuzikwa na padri, basi wamebaki wamebatizwa na kuozwa tu, kana kwamba wako hai. Mwaka 2020 tume ya ukweli ilifukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 karibu na mto Ruvubu. Hayakuwa na pambizo. Kabla ya ufukuaji huo ilikuja 2015 na damu yake, na Ngagara ikamezwa na komini ya Ntahangwa.

Sheria ile ya 1917 ilitaka pia nakala ya vitabu ipelekwe kwa askofu kila mwaka. Jimbo la Usumbura liliundwa 1959 tu. Kabla ya hapo mambo ya Usumbura yalipelekwa Gitega. Basi unayeambiwa kitabu cha parokia yenu kiliungua, uliza nakala ya mwaka huo Gitega, na ukijibiwa kwamba haipo, uliza ni nani aliyeitafuta.