Mashindano ya Mashairi Chini ya Ngome ya Yesu

Msomaji mpenzi, weka saa mbele yako. Nakupa dakika 15. Chukua kalamu na karatasi, utunge ubeti mmoja wa shairi la Kiswahili: mishororo 4, kila mshororo mizani 16, vina vya kati vilingane, na vina vya mwisho vilingane. Wala usitunge juu ya jambo lolote upendalo. Mtu wa mji mwingine amekudhihaki wewe, na wazee wako, na mji wako, na watu wamekusanyika kungoja useme neno. Dakika 15 zikipita nawe ungali kimya, umeshindwa, hata kama kesho utaleta shairi zuri kuliko yote yaliyopata kutungwa.

Mchezo huo tuliucheza katika likizo moja ya Agosti, nilipofuatana na wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu kupiga kambi ya siku 5 katika kisiwa cha Mombasa. Asubuhi tulizuru Ngome ya Yesu, na alasiri tuliketi nje yake, katika kivuli cha kuta zile kubwa. Niliwagawa wanafunzi makundi mawili; moja nililiita Mvita, ambalo ni jina la kale la Mombasa, na la pili nililiita Amu, yaani Lamu. Kundi moja lilishambulia kwa ubeti na jingine likajibu, na saa yangu ya mkono ilikuwa ndiyo hakimu. Kijana mmoja alilalamika. Alisema kwamba ushairi hautungwi kwa kukimbizwa, na kwamba mshairi hana budi kungoja moyo wake utulie. Nilimwambia kuwa mahali pale alipoketi palikuwa na jibu la neno lake. Jibu lenyewe ni refu, nami sikuweza kulimaliza siku ile, nalimaliza hapa.

Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliana aliyeitwa Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe ulindao mlango wa bandari ya kale. Mtu aingiaye kwa lango lake kuu, akiinua macho, ataona maandishi ya Kireno yaliyochongwa katika jiwe. Ni majivuno ya jemadari Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa mkuu wa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Anajisifu kwamba aliijenga ngome upya, na kwamba aliwatiisha watawala wa pwani waliomwasi mfalme wake. Maandishi hayo ni ya mwaka 1639. Ukikumbuka kwamba mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa alikuwa amewaangamiza Wareno na kuishika ngome ile ile, utafahamu kwa nini jemadari huyo kijana alikuwa na haja kubwa ya kujisifu.

Majivuno yaliyochongwa katika jiwe yana tabia moja: hayampi mtu nafasi ya kujibu. Mtu wa mji apitaye chini yake huyatazama tu, kisha huenda zake. Jibu lilikuja hata hivyo, walakini lilikuja kwa mizinga. Waarabu wa Omani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696, nao hawakuingia ndani mpaka Desemba 1698, baada ya miezi 33 ya njaa, maradhi na mauti. Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka 1728, wakafukuzwa tena mwaka uliofuata.

Tangu hapo Mombasa ilitawaliwa na maliwali waliotoka Omani, na miongoni mwao walikuwapo watu wa ukoo wa Mazrui. Katika miaka ya 1740 ukoo huo uliacha kumtii mtawala wa Omani, ukautawala mji kwa amri yake wenyewe mpaka mwaka 1837. Ni katika zama hizo ambapo majivuno yalishuka kutoka juu ya lango na kuingia mitaani, na yaliposhuka yakawa mashairi, yaani majivuno yenye kujibika.

Mtu aliyesifika kuliko wote katika kazi hiyo ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Alizaliwa Mombasa karibu na mwaka 1776, akafariki mwaka 1840. Kabla yake, tungo nyingi za Kiswahili zilizoandikwa na kuhifadhiwa zilikuwa tenzi za dini na mawaidha. Muyaka alitunga pia juu ya mapenzi na wivu, njaa na dhiki, vyombo vya baharini, na rafiki waliogeuka. Ndiyo maana wataalamu wamesema kwamba yeye aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Alikuwa mwandani wa maliwali wa Mazrui waliokaa ngomeni, na mji ulipoingia vitani, ulimi wake uliingia vitani pamoja nao.

Vita vyenyewe vilikuwa vya namna hii. Karibu na mwaka 1812, Mombasa ilishirikiana na Pate kwenda kuipiga Lamu. Jeshi lao lilishuka Shela, mahali penye mchanga mwingi, karibu na mji wa Lamu. Watu wa Lamu walitoka wakalipiga vibaya. Inasimuliwa kwamba maji yalikuwa yamekupwa, majahazi yakakwama mchangani, na waliotaka kukimbia hawakuwa na chombo cha kuwabeba. Lamu iliogopa kisasi, ikaomba ulinzi kwa Seyyid Said wa Omani, naye akafurahi kupata mahali pa kuweka mguu wake katika pwani yetu.

Katika fitina hiyo mashairi yalikwenda na kurudi. Mvita alisimama Muyaka. Amu alisimama Bwana Zahidi Mngumi, mmoja wa wakuu wa mji huo. Na Pate nayo ilikuwa na washairi wake. Mmoja akitisha, mwenzake hudhihaki. Mmoja akifumba fumbo, mwenzake hulifumbua na kumrudishia fumbo jingine. Hata zawadi zilifanywa mafumbo. Abdallah bin Ahmad al-Mazrui aliposhika uliwali wa Mombasa mwaka 1814, ilimpasa kumpelekea Seyyid Said zawadi ya heshima. Inasimuliwa kwamba alimpelekea vazi la chuma la vita na baruti kidogo. Fumbo hilo halikuhitaji vina wala mizani, na Seyyid Said alilifahamu mara moja.

Sasa turudi kwa kijana wetu aliyelalamika. Watu hawa waliwezaje kujibu upesi, na tena kwa sanaa? Nadhani sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba kipimo cha shairi kilikuwa masikioni mwao tangu utoto. Mtu aliyelelewa katika nyimbo za arusi, tenzi za kusomwa usiku, na mafumbo ya ngoma ya gungu, hahesabu mizani 16 kwa vidole. Sikio lake humwambia palipopungua. Sababu ya pili ni lugha yenyewe. Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, na viambishi vyetu hufanana miisho, kwa hiyo kina hakitafutwi mbali. Hugonga mlango chenyewe. Sababu ya tatu ndiyo kubwa: anayejibu haanzi na karatasi tupu. Adui amekwisha kumpa bahari ya shairi, na mara nyingi vina pia, na zaidi ya hayo amempa mfano. Akisema kwamba mji wake ni simba, huna haja ya kutafuta mnyama mwingine. Uliza tu simba huyo alikuwa wapi siku ya vita.

Kwa hiyo haraka haikuwa adui wa ushairi huu. Shairi la majibizano ni kama neno la barazani: likichelewa, waliokuwapo wamekwisha kutawanyika. Na baina ya miji miwili palikuwa na saa nyingine, kubwa kuliko yangu ya mkononi, nayo ilikuwa upepo. Kusi huvisukuma vyombo kutoka Mombasa kwenda Lamu, kaskazi huvirudisha. Ni rahisi kufahamu kwamba mtu mwenye neno la kupeleka ng'ambo hakuwa na budi kulimaliza kabla nanga haijang'olewa, ama angengoja.

Lakini, msomaji, nisikudanganye kwamba mashairi yaliiokoa Mombasa. Hayakuiokoa. Mwaka 1824 Mazrui waliitwaa bendera ya Waingereza iwakinge, na kinga hiyo ilidumu miaka 2 tu. Baina ya mwaka 1828 na 1833 Seyyid Said alikuja na merikebu zake zaidi ya mara moja, wala hakuweza kuishika ngome kwa kudumu. Alichoshindwa kukipata kwa mizinga alikipata kwa mafarakano ya wenyeji. Mazrui waligombana wao kwa wao juu ya urithi wa uliwali, na mataifa ya mji, yale yaitwayo Thenashara Taifa, yakagawanyika katika Tisa na Tatu. Mwaka 1837 ngome ilimwangukia Seyyid Said. Wakuu wa Mazrui walikamatwa, wakapelekwa uhamishoni katika Ghuba ya Uajemi, wasirudi. Muyaka aliishi miaka 3 baada ya hayo, akiitazama bendera ya watu aliowapinga kwa mashairi maisha yake yote.

Ngome yenyewe ilibadilika kazi. Kuanzia mwaka 1895 serikali ya Waingereza iliifanya gereza, na ilikuwa gereza mpaka mwaka 1958. Ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Jiwe la Cabreira lingali juu ya lango. Je, maneno ya Muyaka, ambayo hayakuchongwa katika jiwe, yako wapi?

Yalikuwa karibu kupotea. Muyaka alipofariki, sehemu kubwa ya tungo zake ilikuwa katika vifua vya watu, na vifua vya watu huzikwa pamoja na wenyewe. Aliyeziokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Yeye alikusanya beti hizo kwa wazee waliozikumbuka, akaziandika kwa hati za Kiarabu, na alimweleza maana ya maneno yake magumu Mwingereza William Taylor, mmisionari aliyekuwa akiishi Mombasa. Karatasi hizo zilivuka bahari, na baada ya miaka mingi, mwaka 1940, William Hichens alizichapisha huko Johannesburg kwa jina la Diwani ya Muyaka. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz alitoa kitabu kingine juu ya Muyaka na mashairi yake, kilichochapishwa Kenya. Shairi lililotungwa labda kwa muda wa kupoa kahawa lilihitaji miaka 100 ya subira ya watu wengine ili likufikie wewe darasani.

Jambo hili nililijua tangu zamani, kwa kuwa nimelifundisha. Walakini sikulifahamu mpaka siku ile ya kambi. Katika mzunguko wa mwisho kundi la Mvita lilitunga ubeti mkali sana, likakaa kitako likijua kwamba limeshinda. Akainuka msichana mmoja wa kundi la Amu, mtu wa bara, ambaye hakuwa ameiona bahari kabla ya safari yetu. Alijibu katika dakika ya 11, bila karatasi, kwa vina vile vile walivyotumia adui zake. Kwanza watu walinyamaza, kisha wakacheka kwa furaha, hata wale wa Mvita wenyewe. Yule kijana mlalamishi alikuwa wa kwanza kumpigia makofi.

Usiku, tulipouzunguka moto, tulimwomba aurudie ubeti wake. Mishororo 2 ya kwanza ilimjia. Wa tatu aliusitasita. Wa nne ulikuwa umekwenda, na hapana hata mmoja miongoni mwetu aliyeweza kumkumbusha. Nilitoa daftari langu mfukoni. Nilikuwa nimeandika kwa uangalifu dakika za kila kundi, nani alianza na nani alichelewa, wala sikuandika ubeti hata mmoja. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu mchana kutwa, nami niliitumia kuhesabu wakati.

Wazee wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nasi husema hivyo tukifikiri fedha tu.

Msomaji mpenzi, dakika zako 15 bila shaka zimekwisha pita. Usijali, zianze tena. Keti na mwenzako, mmoja awe Mvita na mwingine Amu, mjibizane kwa adabu bila kuogopana, na saa iwe hakimu. Tungeni upesi kama Muyaka. Lakini awepo mtu wa tatu kando yenu, asiyeshindana na yeyote, mwenye wino na karatasi, naye mpeni jina la Sikujua.