Nintendo Switch: historia ya mashine iliyozaliwa kutoka mashine iliyokufa

Leo sitaandika juu ya uhuru wala juu ya wafalme wa zamani. Nataka kuandika historia ya mashine ya kuchezea. Najua wamoja watacheka: mutu mwenye diplome ya informatike anatuletea mambo ya watoto? Ngojeni kwanza.

Tantini wetu mmoja anaishi Ubelgiji. Alipokuja Bukavu kutusalimia, alimuachia mudogo wangu Nintendo Switch ambayo watoto wake walikuwa wamekwisha kuitumia. Usiku mmoja tulikuwa saloni, mudogo anacheza Mario Kart kwenye televizyo. Umeme ikakatika, kama kawaida yetu. Mimi nikaanza kutafuta tochi. Yeye akachomoa ile mashine mahali ilikuwa imesimamishwa karibu na televizyo, akaishika mkononi, akaendelea na mbio zake palepale alipokuwa amefika.

"Yaya," akaniambia, "hii haiogopake giza."

Nikakaa pale nikijiuliza: nani alifikiria kitu hiki? Hakika hakuwa anafikiria Bukavu. Kule Japani umeme haikatiki kila jioni. Lakini jibu lake lilifaa shida yetu sawa vile alikuwa jirani yetu.

Lazima niseme pia hali niliyokuwa nayo siku hizo. Pamoja na wenzangu wawili tulikuwa tumetengeneza aplikasyo ya kuonyesha saa za boti za ziwa Kivu, za Bukavu na Goma: saa ya kuondoka, bei, na kama nafasi ingalipo. Ilitoka katika TFC yangu. Ilikuwa nzuri, yenye picha na rangi. Ilikufa kwa miezi mitano. Mwenzetu mmoja akaenda Kampala kutafuta maisha, mwingine akaacha hata kujibu mesaji zangu. Mimi nikaifunga kompyuta na kusema nisisikie tena jina la ule mradi. Kwa hiyo nilipoanza kusoma historia ya ile mashine ya mudogo, nilikuwa nasoma kama mutu aliyeanguka.

Tuanzie mwanzo. Nintendo ilianzishwa mwaka 1889, katika mji wa Kyoto. Mwanzilishi, Fusajiro Yamauchi, alikuwa anauza karata zenye picha za maua, zinazoitwa hanafuda. Mwaka 1949 kampuni ikaangukia mikononi mwa kitukuu chake, Hiroshi Yamauchi, kijana aliyeacha masomo ya chuo kikuu ili aiongoze. Huyu alijaribu mambo mengi nje ya karata, hata biashara ya taksi na mchele wa kupika haraka. Hayo hayakwenda mbali.

Mwaka 1965 kampuni iliajiri kijana mmoja aliyesomea mambo ya umeme katika chuo kikuu cha Doshisha, palepale Kyoto. Jina lake Gunpei Yokoi. Kazi waliyompa haikuwa ya heshima kubwa: kutunza mashine zinazotengeneza karata. Wangapi kati yetu tunaijua hali hiyo, ya kumaliza masomo kisha unapewa kazi ya kupaka mafuta? Yokoi, kwa kujifurahisha, akajitengenezea mkono wa kuchezea unaorefuka na kukunjika. Mkubwa wake akauona. Badala ya kumfukuza, akamwambia autengeneze uuzwe. Mwaka 1966 ukatoka kwa jina la Ultra Hand, ukauzwa zaidi ya milioni moja.

Baadaye Yokoi alikuwa safarini katika treni, akamwona mutu wa biro aliyechoka, anachezacheza na kikokotoo chake ili muda upite. Hapo akapata wazo: mchezo mdogo wa kuingia mfukoni. Wakati ule viwanda vya vikokotoo vilikuwa vimeshindana sana, na vioo vyao vidogo vilikuwa vimeshuka bei. Akavichukua hivyohivyo. Mwaka 1980 ikatoka Game & Watch.

Njia yake ya kazi aliipa jina ambalo kwa Kiswahili naweza kusema ni kufikiri kwa upande kwa kutumia teknolojia iliyokauka. Iliyokauka maana yake sio iliyooza. Ni ile ambayo haishangazi mutu tena: bei yake imeshuka, makosa yake yanajulikana, kila fundi anaiweza. Kazi yako ni kuitafutia matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria.

Mwaka 1989 alileta Game Boy. Kioo chake hakikuwa na rangi. Washindani wake, Lynx ya Atari na kiisha Game Gear ya Sega, walikuwa na rangi, tena nzuri. Lakini zile zilimeza mawe sita ya batri kwa saa chache, na Game Boy ilitumia manne kwa muda mrefu zaidi, tena kwa bei ndogo. Game Boy na ndugu yake Game Boy Color, kwa pamoja, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Mtoto aliye safarini alitaka mashine isiyozimika njiani, hata kama haina rangi.

Sasa sikilizeni sehemu ya huzuni. Mwaka 1995 Yokoi alileta Virtual Boy, mashine ya kuchungulia yenye picha nyekundu tupu. Ilianguka vibaya, haikufika hata milioni moja. Mwaka 1996 akatoka Nintendo. Mwezi wa kumi 1997 akafa katika ajali ya barabara. Ile Switch ambayo mudogo wangu anaishika hakuiona. Lakini wazo lake lilibaki katika nyumba ile.

Tuje karibu. Mwaka 2006 Nintendo ilitoa Wii, ile ambayo unacheza kwa kutikisa manete hewani, hata tate na koko wanaweza. Iliuzwa zaidi ya milioni 101. Mwaka 2012 wakaleta Wii U. Manete yake ilikuwa na kioo chake, kwa hiyo ungeweza kucheza bila televizyo, ila tu usiende mbali, maana mashine yenyewe ilibaki karibu na televizyo, na ukitoka chumba kile mchezo unakatika. Tena jina liliwachanganya watu. Wengi walidhani ni kifaa cha kuongezea Wii ya zamani. Katika maisha yake yote iliuzwa karibu milioni 13 na nusu tu.

Mkuu wa kampuni wakati huo alikuwa Satoru Iwata, mwandishi wa programu ambaye alikuwa mkuu wa kwanza asiyetoka katika ukoo wa Yamauchi. Hasara ilipokuja, wenye hisa walitazamia apunguze wafanyakazi. Iwata akakataa. Alisema mutu anayeogopa kufukuzwa hawezi kutengeneza kitu cha kufurahisha watu. Mwezi wa kwanza 2014 alijipunguzia mshahara kwa nusu. Na mwaka uliotangulia, 2013, kampuni ilikuwa imeunganisha timu mbili ambazo siku zote zilifanya kazi mbalimbali: timu ya mashine za nyumbani na timu ya mashine za mkononi.

Kwangu, uamuzi huo njo mlango wa Switch. Ukiwaweka pamoja wanaojua televizyo na wanaojua batri, mwishowe mutu atauliza: kwa nini tutengeneze mashine mbili?

Mwezi wa tatu 2015 Iwata alitangaza kwamba mashine mpya inatengenezwa, kwa jina la muda NX. Tarehe 11 Julai mwaka huohuo akafa kwa kansa, akiwa na miaka 55. Naye hakuyaona matunda.

Switch ilitoka tarehe 3 Machi 2017, kwa dola 299.99 kule Marekani. Ndani yake kulikuwa na kijisehemu cha hesabu cha Nvidia, Tegra X1, ambacho kilikuwa kimetangazwa tangu mwanzo wa 2015. Washindani walikuwa na nguvu zaidi. Teknolojia iliyokauka, tena. Lakini mashine moja ilisimama saloni na kutembea barabarani, na manete zake mbili ndogo unaweza kumpa rafiki moja mkacheze wawili popote.

Na michezo je? Hapa njo pale mimi nilisimama kusoma. Zelda: Breath of the Wild, mchezo uliowafanya watu wengi wanunue Switch, ulikuwa umeanza kutengenezwa kwa ajili ya Wii U. Ulitoka kwa zote mbili siku moja. Mario Kart 8 ilitoka 2014 kwenye Wii U ikauzwa milioni nane na kitu. Mwezi wa nne 2017 wakairudisha kwenye Switch kwa jina la Mario Kart 8 Deluxe, na viongezo kidogo. Imepita milioni 60. Mchezo karibu uleule! Hawakuutupa pamoja na mashine iliyoanguka. Kisha 2020, dunia ilipofungiwa nyumbani kwa sababu ya korona, Animal Crossing: New Horizons iliwapa watu kisiwa cha kutembeleana. Mpaka leo Switch imeuzwa zaidi ya milioni 150.

Nafungua dirisha kidogo juu yetu. Tunajua kwamba tantali, inayotoka katika koltani, inaingia katika vijisehemu vidogo vinavyohifadhi umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. Wakubwa wetu wanakumbuka mwaka 2000, bei ilipopanda ghafla na watu wengi wa Kivu wakaacha mashamba kwenda kuchimba. Kyoto haina koltani. Ilichokuwa nacho ni mutu aliyemtazama msafiri aliyechoka katika treni na kujiuliza anahitaji nini. Mutu wa namna hiyo hata kwetu tunaye, ila mara nyingi tumempa kazi ya kupaka mafuta na hakuna anayeuona mkono wake wa kuchezea.

Sasa mbele kuna nini? Tarehe 5 Juni 2025 ilitoka Switch 2. Kwa siku nne za kwanza iliuzwa zaidi ya milioni tatu na nusu. Kioo kimekua, kutoka inchi 6.2 hadi 7.9, manete zinashikwa na sumaku, ilikuja pamoja na Mario Kart World, na michezo mingi ya Switch ya kwanza inacheza ndani yake. Hilo la mwisho ni mpango mzuri: waliwaambia watu kwamba walichonunua jana hakijafa.

Lakini nina wasiwasi wangu, na nausema. Ilipotoka mwaka 2025 bei ilipanda hadi dola 449.99 Marekani, kwetu ongezeni safari na faida ya muuzaji. Tena baadhi ya michezo inauzwa katika kasete ambayo ndani yake hamna mchezo wenyewe. Kuna ufunguo tu, na mchezo unaupakua kwenye intaneti. Mudogo ataununua mchezo kwa franga zake, kisha anunue tena mega nyingi za kuushusha? Yokoi alishinda kwa kumfikiria mutu ambaye batri zake ni chache. Siku Nintendo itakapomsahau huyo mutu, mwingine atamkumbuka.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, nikauona upumbavu wangu mwenyewe. Aplikasyo yetu ya boti ilidai mega kila mara unapoifungua. Mama anayeuza samaki, ambaye anahitaji kujua boti ya asubuhi kuliko mwanafunzi yeyote, ana simu ya vitufe. Tulimtengenezea rangi, yeye alihitaji batri. Wazo la saa za boti halikuwa na kosa. Mashine tuliyoliweka ndani njo ilikuwa na kosa.

Kwa hiyo niliifungua tena kompyuta. Nikachukua orodha zetu za zamani, namba za mabandari, saa tulizokuwa tumekusanya kwa taabu, nikaanza kuzipeleka kwa mesaji ya kawaida ya simu, ile ambayo hakuna kijana anayejivunia siku hizi. Nilimwandikia yule mwenzangu aliyeko Kampala. Amerudi kunisaidia, usiku baada ya kazi yake. Tuna watu arobaini na watatu wanaotuma swali na kupata jibu. Sio milioni 150, bana. Lakini kumi na mmoja kati yao ni wamama wa soko, na mmoja alinipigia kunigombeza kwa sababu siku moja tulichelewa kumjibu. Nilifurahi sana kugombezwa.

Nawaomba basi, ndugu wa chama: ile kazi yako iliyoanguka, ile TFC iliyo chini ya kitanda, ifungue. Usiangalie kwanza kama ni ya kisasa. Tafuta mchezo mmoja ndani yake ambao bado unafaa, kisha ujiulize ni mashine gani ya bei ndogo inayoweza kuubeba.

Mudogo wangu ananiita hapa, anataka mpinzani. Umeme imeenda tena.