Hodi, Naomba Kwenda Msalani: Historia ya Choo cha Mwanamke Safarini



Kila kaskazi inapoanza kuvuma, maswali ya Paje huja kwa wingi. Tuvae nini pwani, tule wapi, gari za kurudi mjini zinaondoka saa ngapi. Halafu kuna swali ambalo wanawake huliuliza kwa sauti ya chini, tena mwisho kabisa: chooni tutakwenda wapi?

Kwa asiyepajua, Paje ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, kusini mashariki mwa Unguja. Siku hizi pia ni mji mdogo wa wageni, wanaoteleza juu ya maji kwa ubao huku wakivutwa na tiara kubwa. Mchanga wake mweupe, maji yake kama kioo. Lakini mama mwenye watoto watatu na buibui lake, au bibi harusi aliyekuja na mumewe kutembea, haja ikimbana saa sita mchana hatazami maji tena. Anatafuta mlango. Na anayejua kwamba mlango hakuna, hanywi maji tangu alfajiri, anarudi nyumbani kichwa kinamuuma, na mara nyingi Adhuhuri yake imepita au ameisali kwa wasiwasi kwa sababu hakupata pa kutawaza. Hilo si jambo dogo, wala si la kuonea haya. Lina historia ndefu, na wa mwanzo kutusimulia historia hiyo ni mama yetu Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake.

Katika kisa cha uzushi, kile ambacho sote tumekisoma chuoni, Bibi Aisha anaeleza kwamba wanawake wa Madina walikuwa wakitoka nje ya mji usiku, kwenda mahali pa wazi panapoitwa Manaasi, kukidhi haja zao. Walitoka usiku tu, kutoka usiku mmoja hadi mwingine. Wakati ule, anasema, vyoo vilikuwa bado havijajengwa karibu na nyumba, kwani watu waliona udhia kuwa navyo karibu. Ilikuwa katika safari ya namna hiyo, akiwa pamoja na Umm Mistah, ndipo alipopata habari ya maneno waliyokuwa wakimzulia. Tunakumbuka kisa hicho kwa ajili ya uzushi na aya zilizoteremka kumtakasa. Wachache wetu tumesimama kidogo kwenye ile njia yenyewe: wanawake wawili gizani, wakienda mbali kwa sababu nyumbani hapakuwa na choo.

Kuna pia kisa cha Bibi Sauda, mke wa Mtume (S.A.W.), aliyekuwa na umbo kubwa na mrefu, hata akitoka usiku kwa haja hiyo hiyo watu wakimtambua. Sayyidna Umar alimwita njiani akamwambia tumekujua. Bibi Sauda akarudi kushitaki, na jibu alilolipata ni kwamba wanawake wameruhusiwa kutoka kwa ajili ya haja zao. Mimi kila nikiisoma hadithi hii naona kwamba kujisitiri kwa mwanamke lilikuwa jambo la kufikishwa kwa Mtume mwenyewe na kupatiwa jibu, wala hakuna aliyeambiwa anyamaze.

Turudi kwetu. Pwani ya Waswahili ilipojenga kwa mawe, ilijenga na vyoo. Nenda Gedi, karibu na Watamu, kule Kenya, mji mwengine mdogo wa ufukweni ambao nao leo umejaa wageni wa tiara na mbao. Gedi ulikuwa mji wa Waislamu uliostawi sana karne ya 15 na kuhamwa karne ya 17. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia. Watu huenda kutazama msikiti mkuu na jumba la mfalme. Mwanamke mwenye akili aombe aoneshwe vyoo. Ndani ya nyumba zile, si jumba la mfalme peke yake, kuna chumba kidogo chenye shimo refu lililojengwa vizuri, na pembeni pake mahali pa kuwekea maji ya kuchambia. Miaka 500 iliyopita, mke wa mfanyabiashara wa Gedi alikuwa na choo ndani ya nyumba, chenye maji na faragha. Nyumba za Songo Mnara, karibu na Kilwa, nazo zina vyoo vya ndani.

Lamu waliendeleza jambo hilo hadi likawa sanaa. Choo cha nyumba kubwa kilikuwa na birika la maji lililojengwa kwa chokaa, na ndani ya birika waliweka samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika walijengea bakuli la kauri ya China, ili maji yakipungua samaki wabaki na mahali pa kuishi. Nimeyapenda mabirika haya kuliko milango yote ya nakshi. Lakini tusisahau yalijaaje. Maji yale yalitekwa kisimani na kubebwa kichwani, na katika nyumba za matajiri wa zamani aliyeyabeba aghlabu alikuwa mtumwa, mara nyingi mwanamke. Sitara ya mmoja ilikuwa juu ya shingo ya mwenzake.

Basi ndani ya nyumba mambo yalikuwa sawa. Njiani je?

Mwanamme alikuwa na msikiti. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alishangazwa na misikiti ya pale: ya mbao, iliyojengwa imara, na kwenye milango yake kuna visima vya maji. Mtu huteka kwa chombo cha mti chenye mpini, huosha miguu, kisha hujifuta kwenye kipande cha jamvi nene kabla ya kuingia. Msafiri wa kiume, akishuka chomboni bandari yoyote ya pwani hii, alijua kwamba akiuona msikiti ameona maji. Wanawake wa pwani kwa karne nyingi wamesali majumbani zaidi, na hivyo misikiti mingi ilijengwa bila sehemu yao, na pasipo na sehemu ya kusalia hapajengwi sehemu ya kutawaza. Silaumu mtu hapa. Naeleza tu jinsi maji ya njiani yalivyokuja kuwa ya upande mmoja.

Mwanamke alikuwa na mlango wa mwanamke mwenzake. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye akaandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani, zilizochapishwa mwaka 1886, anaeleza jinsi mabibi wakubwa walivyotoka kutembeleana jua likishazama, wakitanguliwa na watumwa wenye fanusi. Anaeleza pia safu ya nyumba za kuogea katika ua wa jumba la Mtoni, ambazo watu wa jumba walizitumia mchana kutwa. Ukiunganisha mambo hayo mawili unapata ramani ya mwanamke wa zamani: alikwenda kutoka nyumba hadi nyumba, na kila alipofika palikuwa na mwenyeji, maji na mahali pa kujisitiri. Mabibi wadogo wa mitaani nao, kwa kanga na bila fanusi, walitembea kwa ramani hiyo hiyo. Ulipiga hodi kwa shangazi, kwa somo yako, kwa mtu wa kwenu aliyeolewa mtaa ule. Hata usipomjua mwenye nyumba, ukisema "naomba msalani, bibi", ulioneshwa njia na kutiliwa maji kwenye kopo.

Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijaribu jambo jengine. Alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini, na akajenga hamamu ambayo jina lake limebaki kuwa jina la mtaa, Hamamni. Mjenzi wake alikuwa Haji Gulamhussein. Palikuwa na vyumba vya maji ya moto, maji ya baridi, mahali pa kunyolea, na vyoo. Lilikuwa jengo kwa ajili ya mwili wa mtu wa mjini asiye wa jumba la mfalme. Liliacha kazi mwaka 1920, na leo tunaingia kupiga picha.

Na msidhani kwamba Wazungu walikuwa wametutangulia sana katika hili. London, katika maonyesho makubwa ya mwaka 1851, fundi George Jennings aliweka vyoo vya kulipia senti moja ya Kiingereza, na zaidi ya watu laki nane walilipa. Baada ya hapo vyoo vya wanaume vilienea, vya wanawake vikasuasua. Mwaka 1900, ilipopendekezwa kujenga choo cha wanawake katika mtaa wa Camden, wakaazi walipinga vikali. Liliwekwa umbo la mbao mahali pale kwa majaribio, na wenye magari ya farasi wakaligonga makusudi ili ionekane linaziba njia. Mwandishi George Bernard Shaw, aliyekuwa katika baraza la mtaa, alilitetea. Hoja za wapinzani zingekuwa za kuchekesha kama hazingekuwa zinafanana na nilizozisikia kwa masikio yangu, katika kikao kimoja cha kijiji, karne nzima baadaye: mwanamke wa heshima hahitaji, atajizuia, ana kwao.

Ana kwao. Neno hilo ndilo lililotufunga. Hata kampeni zetu nzuri zilianzia nyumbani. Mwaka 1973, Tanzania Bara iliendesha Mtu ni Afya: watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakisikiliza redio, wakajifunza na kuchimba vyoo. Mwaka 2017 ikaja Nyumba ni Choo. Nyimbo nzuri, kazi nzuri, na kweli nyumba ni choo. Lakini njia je? Soko? Ufukwe?

Sasa rudini nami Paje. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kilimo cha mwani wa biashara kilianza pale na Jambiani, na wanawake wakaingia baharini maji yakitoka, saa nyingi, wameinama, kanga zimeroa hadi kifuani. Haja ikiwabana walipanda juu hadi nyumba ya karibu. Nyumba ya karibu ilikuwa ya mtu wanayemjua. Kisha utalii ukashika kasi, ardhi ya mbele ikawa hoteli, baa na shule za tiara, na nyumba za watu zikarudi nyuma, ng'ambo ya barabara. Mlango wa karibu sasa una mlinzi. Ile ramani ya zamani, ya hodi na kopo la maji, imekatwa mstari wake wa mwanzo, na waliokuwa wa mwanzo kuona athari yake si sisi wageni wa Jumapili bali wenyeji wenyewe, mwani begani.

Mgeni wa leo anaambiwa anunue kitu ndipo aoneshwe choo. Nimelipa soda ya bei ya chakula cha mchana kwa ajili hiyo, nikaingia nikakuta karatasi nyororo na tone la maji hakuna. Kwa mwenye hoteli hicho ni choo kizuri. Kwa anayetaka kusali Alasiri, ni nusu ya choo.

Bibi harusi wangu, nawe hili linakuhusu kuliko unavyodhani. Fungate ya bibi zetu ilikuwa siku saba ndani ya nyumba, somo yupo, maji ya moto yapo, udi unafuka, na choo kiko hatua tatu kutoka kitandani. Siku hizi fungate imehamia pwani, na josho lake na udhu wake vimehamia nayo. Kabla mumeo hajalipia chumba, muulize mwenyewe yule wa hoteli kama chooni kuna mpira wa maji pembeni, au angalau ndoo na kopo. Ukiona haya, mwambie mume aulize. Wengi huweka wakiombwa. Na wasiopenda kuulizwa, utakuwa umewajua mapema.

Kwa safari ya siku moja, mimi sipiti upande wa bahari kutafuta choo. Navuka barabara niingie kijijini, ambako hodi bado inafanya kazi. Chagua nyumba yenye mwanamke barazani, salimia kwa utaratibu, kaa kidogo, omba. Ukitoka acha kitu kwa ajili ya maji, kwa jina la kuwanunulia watoto maandazi, maana ukikiita malipo hawatapokea. Misikiti michache ya barabarani sasa ina sehemu ya wanawake yenye choo na mfereji. Ulizia kwa wanawake wenyewe, kwani mlango wake aghlabu uko nyuma na wanaume hawaujui. Chupa ya maji iwe mkobani. Na maji ya kunywa, kunyweni.