Uzito wa vifaa kwenye tareti ya mashine ya kukereza

KATIKA karakana zenye mashine za kukereza zinazoongozwa na kompyuta, mafundi hujali mno makali ya kisu na kasi ya mzunguko, ilhali uzito wa vifaa vyenyewe husahaulika. Uzito huo hubebwa na tareti, yaani kichwa kinachozunguka na kuleta kila kifaa kazini kwa zamu. Aghalabu huwa na vituo 8, 10 au 12.

Tareti nyingi huzunguka kwa ekseli iliyolala. Vifaa vizito vikirundikwa upande mmoja, mota hulazimika kuvipandisha kinyume cha mvutano wa ardhi, kisha kuvizuia visiporomoke vinaposhuka. Hapo tareti husimama kwa mtikisiko, gia na breki huchakaa mapema, na pengine mashine huzima ghafla ikitoa ishara ya hitilafu.

Kinachohesabiwa ni kilo mara umbali kutoka katikati ya tareti. Tuseme keekee na kishikio chake vina kilo 6, na kitovu cha uzito kiko umbali wa sentimita 25. Jibu ni 150. Kifaa cha kilo 5 kwa umbali uo huo upande wa pili huondoa 125, zikabaki 25, takriban nyutoni-mita 2.5. Kiwango kinachoruhusiwa hupatikana katika kijitabu cha mtengenezaji. Hivyo basi, katika tareti ya vituo 12, kizito kilichoko kituo cha 3 hutafutiwa mwenzake kituo cha 9.

Hatari kubwa huja wakati wa kuhamisha. Katika mitambo mingi ya Fanuc, agizo T0303 huita kituo cha 3 pamoja na masahihisho ya vipimo nambari 3. Kifaa kikihamia kituo cha 9, programu sharti isomeke T0909, na kifaa kipimwe upya. Likisahauliwa hilo, kifaa kisichotarajiwa chaweza kugonga kwa kasi taya zinazoshika chuma.

Aidha, keekee ndefu isiwe jirani ya kisu kifupi iwapo itagusa taya hizo kisu kinapokata, hata kama mizani ingependeza zaidi hivyo. Ikikosekana nafasi nyingine, mashine nyingi huruhusu kasi ya tareti ipunguzwe.

Kabla ya kukereza, tareti isogezwe mbali na taya, izungushwe polepole, kituo baada ya kituo.