Kavumu na Bujumbura: njia moja, saa nyingi

Wandugu, chukueni ramani na rula. Ukinyoosha mstari toka uwanja wa ndege wa Kavumu, kaskazini ya Bukavu, mpaka ule wa Bujumbura, unapata karibu kilometa 125. Ndege ndogo inazimaliza kwa kama nusu saa. Na karibu katikati ya mstari huo, ndani ya bonde la Ruzizi, iko Luvungi yetu. Kwa rula, mtu wa Luvungi yuko karibu sawasawa na viwanja vyote viwili.

Kwa barabara ni hesabu nyingine kabisa. Toka Kavumu unashuka Bukavu, kama kilometa 30. Hapo unachagua: ama mlima wa Ngomo na kona zake, ambako mvua moja inatosha kulaza makamyo, ama unavuka Rwanda, unafuata lami mpaka Bugarama, unarudi Kongo kwa Kamanyola. Wengi walizoea hiyo ya pili. Unatoka nchini ili ufike nchini! Kisha Luvungi, Sange, Kiliba, mpaka wa Kavimvira, Gatumba, na ndiyo uwanja.

Wazee wetu walikuta mambo tofauti. Kwa sheria ya Agosti 1925 Ubelgiji iliunganisha utawala wa Ruanda-Urundi na Kongo. (Mwaka uleule rubani Edmond Thieffry aliruka toka Brussels mpaka Léopoldville kwa siku 51, kwa hiyo tusilalamike sana.) Bukavu na Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, zilikuwa na bwana mmoja.

Halafu ikaja 1960. Kongo ikapata uhuru, Ruanda-Urundi ikabaki mikononi mwa Wabelgiji mpaka 1962. Mwisho wa Desemba 1960 askari wa upande wa Gizenga, toka Stanleyville, wakaishika Bukavu. Mobutu akataka kuirudisha. Tarehe 1 Januari 1961 askari wake wakashuka kwa ndege, lakini si Bukavu: walishuka Usumbura. Wabelgiji wakawaacha wapite, wakasafirishwa kwa makamyo ng'ambo ya Ruzizi mpaka mbele ya Bukavu. Shambulio likashindwa, wakakamatwa. Umoja wa Mataifa ukailalamikia Ubelgiji, na jambo likafika Baraza la Usalama mwezi uleule.

Kwangu mimi, siku hiyo ndiyo njia yetu ilibadilika. Tangu hapo swali si kilometa ngapi, ni nani anakuruhusu kupita. Mei 1964 waasi wakachukua Uvira, njia ikakatika. Vita vya Kamanyola vilivyofuata Mobutu alivipenda mpaka akaipa meli yake jina hilo. Mwaka 1976 nchi tatu zikaunda CEPGL ili watu wavuke kwa urahisi, na kwa kweli ilisaidia. Juni 2004 Bukavu ikaangukia mikononi mwa Nkunda na Mutebutsi.

Karibuni milango imefungwa mmoja baada ya mwingine. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, basi lami ya Bugarama haikupeleki tena Bujumbura. Februari 2025 M23 ikashika Kavumu. Desemba 2025 vita ikashuka bondeni, ikapita Luvungi mpaka Uvira.

Siku hizi mwanafunzi wa Luvungi aliyepata nafasi ya kusoma mbali haanzi na bei ya tiketi. Anauliza kwanza: Kavimvira kuko wazi leo?