Kucha za Shangazi

Nilipoacha chuo nikarudi Kitale, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumsindikiza shangazi kwa kemo. Kila baada ya wiki 3 nilimchukua kwake Bungoma tukapanda matatu. Hilo la nywele kung'oka alilijua, kilemba alinunua mapema. Ngozi hakuna aliyemtajia. Baada ya duru ya tatu viganja vikawa vyeusi, kucha zikafanana na za fundi wa gereji. Sokoni wateja wake wa mboga wakaanza kupokea chenji kwa ncha za vidole. Wengine walinong'ona ukimwi, wengine wakasema amerogwa.

Mimi nikaanza kusoma, na kusoma kukanipeleka vitani.

Julai 1917, karibu na Ypres, Ubelgiji, Wajerumani waliwarushia adui zao gesi ya haradali. Iliwababua askari ngozi na kuwapofusha. Madaktari waliowachunguza wakaona jambo jingine: chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepungua mno. Basi mwaka wa 1942, huko Yale, Marekani, Louis Goodman na Alfred Gilman wakaichukua kemikali ya ukoo uleule, ikajaribiwa kwa mgonjwa wa limfoma. Uvimbe ukanywea, kisha ukarudi. Vita vilikuwa vinaendelea, kwa hiyo matokeo yakafichwa hadi 1946.

Miaka ya 1950 Wajerumani, wao tena, wakaunda saiklofosfamidi, mjukuu mpole zaidi wa gesi ile. Haikukawia kufika huku. Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliyeandika mwaka wa 1958 kuhusu uvimbe wa taya za watoto, aliitumia kuwatibu. Ugonjwa huo uko hata huku kwetu magharibi mwa Kenya.

Dawa hiyohiyo ndiyo shangazi alitundikiwa, pamoja na doksorubisini, ile nyekundu kama sharubati. Zote mbili huweza kutia kucha na ngozi weusi, na sisi weusi ndio hutupata zaidi. Lakini kurasa nilizosoma zilijaa mikono ya Wazungu, zikionya kuhusu "wekundu". Wekundu gani huo kwa ngozi ya Mbukusu?

Nilimsimulia yote tukipita Webuye.

"Kumbe ni vita vya Wazungu," akasema, "na mimi namnunia jirani." Kisha: "Zitarudi?"

Nikamwambia kwa kawaida weusi hufifia polepole dawa zikiisha, ukucha ukikua.

Tuliposhuka Bungoma alimlipa mtu wa boda mwenyewe. Akamwekea sarafu kiganjani, moja moja, bila haraka.