Wanafunzi wa Nyumba ya Profesa Williamson

Desturi ya mwanafunzi kuhamia kwa mwalimu wake, akala chakula chake na kulala nyumbani mwake ili apate ilimu, si ngeni kwa watu wa pwani, ambao tangu zamani wamewapeleka vijana wao Lamu na Unguja wakakae kwa masheikh. Lakini kwamba lugha ya Kiingereza nayo iliwahi kufundishwa kwa njia hiyo hiyo katika jiji la London lenyewe, na kwamba waliofundishwa hivyo walikuja kuwa watawala wa dola kubwa ya Mashariki, ni habari ambayo wachache kwetu wameisikia.

Mwaka 1863 vijana watano wa jimbo la Choshu, Japani, nao ni Ito Hirobumi, Inoue Kaoru, Inoue Masaru, Yamao Yozo na Endo Kinsuke, waliondoka Yokohama kwa siri, ilhali sheria ya Shogun, mtawala wa kijeshi wa nchi, ilimhukumu kifo Mjapani yeyote atakayethubutu kutoka nchini bila ya idhini. Kampuni ya Jardine Matheson ndiyo iliyowapa njia. Kiingereza walichokuwa nacho kilikuwa haba mno, hata husimuliwa kwamba Inoue Kaoru, alipoulizwa Shanghai amekusudia kusoma nini, alitaka kusema mambo ya jeshi la majini, akatamka neno lililofahamika kuwa ni ubaharia; basi yeye na mwenzake Ito, waliodhani kuwa ni abiria, wakafanyizwa kazi za mabaharia katika merikebu mpaka Uingereza.

Walipofika London, Hugh Matheson, wakala wa Jardine Matheson, aliwakabidhi kwa Alexander Williamson, profesa wa kemia katika University College, wala uchaguzi huo haukuwa wa bahati tu. Kwani Oxford na Cambridge zilikuwa bado zimefungwa na masharti ya kanisa la Kiingereza, masharti ambayo hayakuondolewa yote mpaka mwaka 1871, na chuo hiki, kilichoasisiwa mwaka 1826, hakikumuuliza mtu dini yake. Williamson mwenyewe, ambaye tangu utotoni alikuwa na jicho moja lisiloona na mkono wa kushoto uliodhoofika, alikuwa amesoma Heidelberg, kisha Giessen kwa mwanakemia mashuhuri Liebig, kisha akakaa miaka kadhaa Paris, na kwa hivyo taabu ya kutafuta ilimu katika lugha ya watu wengine hakuhitaji kusimuliwa.

Akawapokea nyumbani kwake, Provost Road, upande wa kaskazini wa jiji. Na kwa kuwa nyumba haikuwatosha wote, wengine wakapangiwa makazi Gower Street, karibu na chuo. Kemia waliisoma katika maabara ya profesa, lakini lugha na adabu za mji waliongozwa na mkewe, Emma Catherine, ambaye, kwa maoni yangu, ndiye aliyebeba sehemu nzito ya kazi ile. Maana mwanafunzi aliye darasani aweza kunyamaza saa nzima asijulikane kama amefahamu au hakufahamu, ilhali mgeni aliye mezani hana budi kuomba chumvi, kushukuru, kuuliza saa ya chakula cha jioni na kueleza kwa nini amechelewa kurudi, na kila neno lake husahihishwa papo hapo na mtu anayemtakia heri.

Ubora wa darsa hiyo ulipimwa upesi. Mwaka uliofuata Ito na Inoue Kaoru walipata habari kwamba jimbo lao limezozana na mataifa ya Magharibi, wakakatiza masomo yao, ambayo hayakuwa yametimiza mwaka, wakarejea kwao ili kuzuia vita. Hawakufaulu: Septemba 1864 merikebu za Uingereza, Ufaransa, Uholanzi na Marekani ziliipiga Shimonoseki kwa mizinga. Lakini suluhu ilipotafutwa, Ito ndiye aliyekuwa mkalimani, kwa Kiingereza chake cha London.

Jimbo la Satsuma nalo, ambalo mji wake wa Kagoshima ulikuwa umepigwa na Waingereza mwaka 1863, lilituma watu kumi na tisa mwaka 1865 kwenda kusoma kwa hao hao waliolipiga, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa katika maamuzi ya busara ya karne ile. Hapo kwanza walikaa pamoja, na waliokaa pamoja husema lugha yao. Baadaye wakatawanywa katika nyumba za walimu. Mdogo wao, Nagasawa Kanaye, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na hakufaa kuingia chuoni, alipelekwa Aberdeen, Uskoti, akakaa kwa wazazi wa mfanyabiashara Thomas Glover na kusoma shule ya hapo; maisha yake aliyamalizia California, akiwa mkulima mkubwa wa zabibu, mpaka alipofariki mwaka 1934.

Si wote waliojaliwa. Yamazaki Kosaburo, mwanafunzi mwingine wa Choshu asiyekuwa katika wale watano, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1866, akazikwa katika makaburi ya Brookwood, nje ya London, ambako Williamson naye alizikwa mwaka 1904.

Katika ua wa University College lilisimamishwa mwaka 1993 jiwe la kumbukumbu lenye majina ya wanafunzi wa Choshu na Satsuma. Wapitao hapo na wakumbuke kwamba Japani ilipounda baraza lake la kwanza la mawaziri, Desemba 1885, Waziri Mkuu alikuwa Ito Hirobumi, Waziri wa Mambo ya Nje Inoue Kaoru, na Waziri wa Elimu Mori Arinori wa Satsuma: watatu hao wote walikuwa wamepitia mikononi mwa Bwana na Bibi Williamson na marafiki zao.